Kidevu cha shemeji

Shemeji yangu ana gari asilolijua. Jina analo, Tiguan, na mbele za watu analitamka vizuri kuliko Wajerumani wenyewe. Ukimwuliza Tiguan ipi, anajibu, "Ya kijivu."

Hapo ndipo presha yangu inapopanda. Volkswagen walipoitoa Tiguan ya kwanza mwaka 2007 hawakuipa sura moja. Ile ya mjini walishusha bampa ya mbele ikawa ya madaha, lakini mwinuko ukizidi nyuzi 18, kidevu kinagonga kabla tairi haijafika. Wakatengeneza na nyingine kwa ajili ya watu wenye shida zao, wakaiita Track & Field, kidevu wakakikata hadi nyuzi 28. Nyuzi kumi si kitu kwa anayeishi kwenye lami. Sisi wa Madale, kutoka barabarani hadi sebuleni kuna mtaro, ukingo wa udongo, kisha geti. Masika ikianza, mtaro na geti vinabadilishana nafasi.

Wajapani waliuziwa hiyo Track & Field mwaka 2008, wakaiendesha kwenye lami miaka yote hiyo, matope wakiyaona kwenye televisheni. Ndiyo hizo zinazoshuka bandarini kwetu. Na zikifika yadi hakuna anayezitambua! Mnunuzi anauliza kilomita, anapiga teke tairi, anakaa kiti cha nyuma apime kama mama mkwe ataenea. Dalali anasifia redio. Kitufe kilichoandikwa OFF ROAD, pale pale karibu na gia, kinapitwa na macho yote.

Shemeji ameshawapiga marufuku watoto wasikiguse, kitaharibu kompyuta. Nikamkalisha nikamweleza. Ukikibonyeza, gari linajishikia breki kwenye mteremko likushushe polepole. Pedali ya mafuta inakuwa mpole, ukitikisika shimoni gari halirukii mbele. Hata ABS inabadili tabia: kwenye changarawe inaachia tairi zisimame kidogo, kokoto zijikusanye mbele yake, na lile rundo ndilo linalosaidia kulizuia gari. Nikamwambia, "Watu wamekaa Wolfsburg wakakufikiria wewe na kokoto zako."

Akanitazama kwa huruma. "Shemeji, mimi nilitaka Harrier, tako la nyani. Hii mke wangu ndiye aliyeipenda rangi."

Jumamosi moja akanipigia simu kwa furaha. Amepata bampa.

"Bampa ya nini?"

"Hii yangu imekatwa, shemeji. Nahisi ilipata ajali huko Japani wakaificha. Fundi kanipatia ile nzima, ndefu."

Nikapanda bodaboda. Nilipofika gereji, vijana wawili walikuwa wanaipiga msasa bampa mpya juu ya maboksi, na ile ya zamani imeegeshwa kwenye mwembe. Kuku akapita chini ya kidevu chake bila hata kuinamisha kichwa. Nikamwonyesha shemeji. Akasema kuku mwenyewe mdogo.

Nikaomba basi hiyo ya zamani nipewe mimi. Fundi akacheka: imeshapata mtu, wa Lushoto, kaona picha tu akatuma pesa bila kuomba apunguziwe. Watu wa milimani hawapigi kelele. Wanatuacha tubishane rangi, wao wanaokota videvu.

Gari likatoka gereji linang'aa. Jioni ile ile shemeji akaingia kwake kwa mbwembwe, familia imejipanga kibarazani. Tairi hazijagusa hata ukingo wa mtaro, tukasikia *kraa*, ule mlio wa plastiki unaomfanya jirani azime redio asikilize vizuri. Shemeji akashuka, akainama, akatazama, akanyanyuka. Akasema, "Hawa manispaa hawa."

Sasa ana mpango mpya. Anataka kulinyanyua gari kwa spesa, fundi yule yule kamwambia kazi ni ya siku moja, na anaomba nimkopeshe laki tatu. Mke wangu ananitazama, maana ni kaka yake. Nimekubali. Laki tatu zipo, nimemwambia, ila zinapitia Lushoto kwanza.