Jinsi ya Kuthibitisha Kwamba James Bond Si Mtu Mmoja

Kwanza tafuta wasikilizaji wasioweza kukimbia: abiria wa basi la usiku, au mashemeji waliokuja kujadili mahari na bado hawajapakuliwa chakula. Ukishawapata, tamka kwa sauti ya mtu aliyewahi kufanya kazi Ikulu: "James Bond si jina la mtu. Ni jina la kazi." Kisha nyamaza. Waache wajiulize umejuaje.

Hesabu yako ni hii, na usiiharakishe. Sean Connery alianza na Dr. No mwaka 1962. Bond wa Daniel Craig akafa katika No Time to Die ya 2021. Miaka 59, wanaume sita, kiinua mgongo hakuna. Kumbe wakubwa wa ujasusi pale London hurithisha jina pamoja na namba 007! Mtaje M, mkuu wa majasusi aliyeigizwa na Judi Dench. Tangu GoldenEye ya 1995 alikuwa bosi wa Pierce Brosnan, halafu mwaka 2006, katika Casino Royale, mama huyohuyo anamfokea Craig kama kijana aliyepandishwa cheo juzi. Ongeza kwamba wakuu wa MI6 halisi, idara ya ujasusi ya Uingereza, nao hutumia herufi, C, mazoea yaliyoanza na Mansfield Smith-Cumming, aliyeshika kazi mwaka 1909. Hili liseme polepole, maana katika hotuba yako yote ndilo litakalosimama likikaguliwa.

Sasa atajitokeza mjuaji. Kwa kawaida ni yule aliyekuwa kimya akitafuna karanga. Atakuuliza habari za Tracy. Mwaka 1969 Bond wa George Lazenby alimwoa Tracy, na bibi harusi akauawa siku ileile. Mwaka 1981, For Your Eyes Only inaanza kwa Roger Moore kupeleka maua kaburini kwake. Nani anamlilia hivyo mke wa mtu aliyemwachia ofisi? Jibu: "Mkataba ndivyo unavyotaka." Akikuletea Skyfall, ambamo wazazi wa Craig wamezikwa Uskoti chini ya jiwe lenye jina la Bond, usibishane. Kohoa. Omba maji. Hapo nadharia ya jina la kazi imekufa, nawe unahamia angani bila kuaga.

Huko angani kuna Doctor Who, tamthilia ya BBC iliyoanza mwaka 1963. William Hartnell alipoondoka mwaka 1966, waandishi walimfanya mhusika wao abadilike mwili, akaamka akiwa Patrick Troughton. Sura mpya, kumbukumbu zilezile. Viumbe wa namna hiyo huitwa humo Mabwana wa Wakati. Basi Bond naye ni Bwana wa Wakati, na maua ya Moore yamepata maelezo. Ushahidi? Timothy Dalton, Bond wa 1987 na 1989, aliingia Doctor Who mwishoni mwa 2009 akiwa Rassilon, Rais wa Mabwana wa Wakati. Neno "Rais" litamke ukiwa umesimama. Halafu maliza kazi: Diana Rigg, yaani Tracy mwenyewe, alionekana humo mwaka 2013, mzima kabisa, katika Yorkshire ya 1893, akiwa amempakata mdudu mwekundu kifuani. Moore alikuwa anapeleka maua kwenye kaburi tupu.

Kwamba wenye filamu hubadilisha mwigizaji kwa sababu watu huzeeka, hilo usiliguse, halina utamu. Usiitaje pia Casino Royale ya 1967, kichekesho ambamo David Niven anaamuru majasusi wote waitwe James Bond. Inaudhi kukuta nadharia yako ilishafanyiwa mzaha kabla hujaivumbua.

Mjuaji akiwa bado ana karanga, atasema Ian Fleming, mtunzi wa Bond, aliliokota jina hilo kwenye jalada la kitabu cha ndege wa visiwa vya Karibi, kilichoandikwa na Mmarekani aliyeitwa James Bond. Mpe mkono, umshukuru kwa kumtaja wa kwanza.