Sifa za Waya Unaokwaza Watu

Wenye nyumba mpya za Maskati wana waifai kila chumba, nasi hatuwaonei gere. Sisi wa nyumba za kale za Ibra, huku huku Omani, tuna waya wa bluu wa intaneti, nao leo nausifu, kwa kuwa kila mtu anaukanyaga na hakuna anayeushukuru.

Tazama nyumba za mtaa wetu wa kale wa Minzfah, nyingi sasa ni magofu. Waliozijenga walikuwa matajiri, na wengi mali yao ilitoka Unguja na mwambao. Walikaza kuta za mawe na udongo wakilihofia joto na adui, ruta hawakuiota. Mawimbi ya gigahezi 5 hupiga hodi pale ukutani yasijibiwe. Ya gigahezi 2.4 hujikokota hadi chumba cha pili, yakafika hoi. Na Nizwa je? Mnara wa ngome aliyoijenga Imamu Sultan bin Saif, karne ya 17, ulishindiliwa udongo na mawe ndani ili uhimili mizinga. Jirani zake wa mtaa wa Al-Aqr wasishangae simu ikionyesha kamstari kamoja.

Dukani watakuuzia visanduku vya kupokezana mawimbi. Navyo vina ukuta uleule wa kuvuka.

Waya hauna makuu. Ukuta wa udongo hautobolewi ovyo, maana tundu la kidole hugeuka la ngumi. Basi waya huingia dirishani, ukaambaa na boriti ya mtende, ukapita chini ya zulia la majlisi, ukapanda ngazi. Kwa mita 100 haulalamiki. Ni mwalimu wa adabu pia: vijana wameacha kukimbia ukumbini, na shangazi hapiti pale bila bismillahi. Ule mlango mzito wa mbao haufungiki tena, kwa kuwa utaubana waya. Baridi ya kiyoyozi inatoka, siri za chumbani nazo zinatoka, na sasa hakuna ugomvi wa kificho. Kile kiulimi cha plastiki cha kwenye ncha kikivunjika (na lazima kivunjike), hukazwa kwa kipande cha boksi la tambi, kazi ikaendelea.

Mgeni wetu, karibu sana. Vua viatu, inua miguu, na tafadhali usichomoe ruta ili uchaji simu yako: bibi yuko juu anatazama taarabu.