Kipya, ila kisiwe kipya

Mwanza mawe yamejaa, hadi Jiwe la Bismarck limesimama ziwani. Muziki wa roki ndio haujashika. Tunao mashabiki wa bendi ya Msondo, wagumu kuliko hayo mawe. Bendi ilianza kama NUTA Jazz mwaka 1964, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, ndipo ikawa Msondo. Shabiki yeye hajabadilika: "Wazee wamechoka, hawatoi kipya!" Wakitoa kipya, hata gitaa la solo halijaingia, kashakunja uso: "Siyo Msondo ya Gurumo hii." Mwimbaji Gurumo huyo huyo aliyehamia bendi ya Mlimani Park mwaka 1978, akarudi miaka mingi baadaye. Na albamu yenyewe hajainunua. Karushiwa kwenye simu, pale Kirumba, akisubiri sato wa kununuliwa. Mzee wangu, lipia kwanza, ndipo unune.