Ratiba Ukutani, Wiki Nzima Mgongoni

Watu wanadhani binti yangu wa darasa la nne anakwenda shule. Anahama. Kila alfajiri anavyotoka mlangoni na begi lile, jirani mgeni angedhani tumemfukuza nyumbani.

Juzi nililichukua hadi kwa muuza mkaa wa mtaani, nikaomba mizani. Kilo 6! Muuza mkaa akataka kujua nauza bei gani. Mtoto mwenyewe ana kilo 28, na ushauri unaotolewa mara nyingi ni kwamba begi la mwanafunzi lisizidi asilimia 10 ya uzito wake. Kwa hesabu hiyo huyu alitakiwa abebe kilo 2.8, na hapo chupa ya maji imo.

Nikalimwaga sebuleni. Kaunta buku za kwaya 3, kurasa 288 kila moja, jalada gumu la kuulia nyoka, na kila somo lina lake. Vitabu vya kiada. Kamusi. Mkebe wa hesabu ambao bikari yake ilishapotea. Sweta, la kazi gani Dar es Salaam mwezi wa pili, anajua mshona sare. Hotpoti. Na chini kabisa ganda la ndizi ambalo sikutaka kujua umri wake.

"Leo Alhamisi, hiki cha Jumatatu kinafuata nini?"

"Baba, mwalimu anaweza kuingia na somo lingine. Ukikosa daftari unasimama nje."

Basi jamani, kilo 3 kati ya zile 6 ni woga mtupu. Ratiba imebandikwa ukutani tangu Januari, imechapwa kwa rangi, na haiaminiki kwa mwalimu wala kwa mwanafunzi. Mtoto kaamua kutembea na wiki nzima mgongoni, kwa usalama wake.

Wakati wa kurudi kuna konda. "Denti, vua begi hilo! Limekaa siti ya mtu mzima!" Nauli yenyewe ya mwanafunzi anaipokea kama kapewa matusi, sasa aone na mzigo juu yake.

India wenzetu waliliandikia jambo hili sera mwaka 2020: begi lisizidi ile asilimia 10, watoto wa awali wasibebe begi kabisa, na shule ziwe na mizani. Sisi mizani tunayo, ila ni ya mkaa.

Jioni binti analalamika mabega. Bibi yake anamchua kwa mafuta ya nazi huku akitusema sisi wazazi. Nikajiandaa kwenda kikao cha wazazi na hoja ya mgongo, hoja nzito ya kitabibu. Kiherehere changu kikanituma nisome kwanza. Kumbe mwaka 2018 watafiti walichapisha mapitio ya tafiti 69, wakasema hawakuona ushahidi wa kuridhisha kwamba mabegi ya shule ndiyo yanayowaletea watoto maumivu ya mgongo. Walichokuta, tena katika tafiti chache, ni kwamba maumivu yalikwenda pamoja na mtoto kuliona begi lake zito. Hasira zangu zikabaki hazina daktari wa kuzitetea.

Nikaenda hivyohivyo. Tangu lini mtu akahitaji cheti cha hospitali ili atue mzigo usio na kazi? Nikasimama, nikasema: fuateni ratiba, na wekeni rafu darasani, vitabu vilale huko.

Mwalimu mkuu akanishukuru sana. Akasema ni maoni mazuri, isipokuwa shule inapokea maoni kwa maandishi tu. Kwa hiyo kuanzia Jumatatu kila mzazi anunue kaunta buku la maoni, kwaya 4, na mtoto awe anakuja nalo kila siku.