Sato Aliyepaliwa Makaa

Nyumbani kwetu Kirumba, Mwanza, samaki hupikwa kwa njia anazozijua mama mkwe wangu, mzaliwa wa Ukerewe: wa kuchemsha, wa kukaanga na wa moshi. Njia ya nne ililetwa na presha. Baba watoto alipima, ikakutwa iko juu, akaambiwa apunguze chumvi na vitu vya kukaanga. Muuguzi akamsifia mlo wa watu waishio kando ya Bahari ya Mediterania: samaki, mboga, kunde, matunda, na mafuta ya zeituni.

Binti yetu anasomea upishi wa hoteli, kwa hiyo habari hiyo ilipofika mezani ilimkuta tayari. Akatueleza kwamba mwaka 1958 Mmarekani mmoja, Ancel Keys, alianza kuwafuatilia wanaume wa nchi saba, na wale wa kisiwa cha Krete wakaonekana kufa wachache mno kwa maradhi ya moyo. Akatueleza pia kwamba mwaka 2010 UNESCO iliuingiza mlo huo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Baba yake alikuwa akiitikia kwa kichwa. Mama mkwe alikuwa akichambua mchele.

"Jumamosi nawapikia sato wa kuoka," binti akasema. "Nyanya, vitunguu, limau, giligilani na mafuta ya zeituni. Basi."

"Na mchuzi?" mama akauliza.

"Bibi, huyu hapikwi na mchuzi."

"Sasa ugali utasukumwa na nini?"

Lilikuwa swali la haki. Kwetu chakula ni ugali, kingine chote ni mboga ya kuushushia, na mboga kavu humfanya mtu ainuke mezani na njaa yake. Binti hakuwa na jibu. Jumamosi ikafika hivyo hivyo.

Tukateremka soko la samaki la Mwaloni asubuhi, watatu sisi: mama, binti na mimi. Marobota ya dagaa yalikuwa yakipakiwa kwenye malori ya Kongo na Rwanda, na wabebaji wanakupigia kelele upishe njia. Mama haulizi bei kwanza. Alimshika sato kichwani, akamfunua mashavu kwa kidole gumba. Ndani panatakiwa pawe pekundu, penye unyevu. Pakianza kuwa kahawia, huyo amelala kwenye barafu muda mrefu. Akamtazama macho, kama yamejaa au yamezama. Halafu akambonyeza mgongoni: nyama ikirudi juu, anafaa; kishimo kikibaki, mrudishe alipokuwa. Samaki wa kwanza na wa pili aliwarudisha bila neno. Muuzaji alinyamaza, alishajua ana mtu wa aina gani mbele yake.

Pembeni kijana mmoja akatuita kwa bei ya kutupa. Alikuwa na fungu la sato wadogo amelifunika kwa gunia. Mama akatandaza kiganja juu ya mmoja wao, kidole gumba mkiani, kidole cha mwisho kikapita kichwa. Hakutimia hata shubiri.

"Mjukuu wangu, hawa ni watoto. Nani anayekuletea?"

Kijana akavuta gunia, akawafunika tena. Sheria hairuhusu sato aliye chini ya sentimita 25, wala sangara aliye chini ya sentimita 50, na kila anayeuza samaki pale analijua hilo. Mama alitembea hadi mwisho wa soko akizungumzia ngege, samaki wa utotoni mwake, wa asili ya Ziwa Victoria, ambaye siku hizi ni wa kubahatisha. Sato tunayemwita wetu aliletwa ziwani katika miaka ya 1950, wakati wa Waingereza, karibu na wakati mmoja na sangara. Ngege aliwatangulia wote wawili.

Tukapata sato wanne wazuri. Mafuta ya zeituni tuliyafuata mjini, na hapo ndipo binti alipokunja uso. Ukame wa Hispania wa mwaka 2022 na 2023 ulipandisha bei ya mafuta hayo dunia nzima, na kwa pesa ya kichupa kile ungerudi nyumbani na lita nzima nzima za alizeti ya Singida. Alichukua kichupa kidogo kuliko vyote.

Nyumba yetu iko juu ya mawe. Bodaboda anakuacha chini, unapanda ngazi na mzigo wako. Uani kuna jiwe kubwa bapa ambalo ndilo meza yetu ya kazi zote, na hapo binti aliwapara samaki magamba, akawatumbua, akawachanja mbavuni, akawasugua limau na chumvi kidogo. Aligeuka tu kuchukua sinia. Mwewe akashuka bila sauti, akakwapua mmoja, akapaa naye. Watoto wakapiga yowe. Mzigo ulimzidi, akamwangusha juu ya bati la jirani, na jirani, Msukuma mwema, akatoka mbio akiita, "Mayu, samaki wenu huyu huku!" Kabla hajapata ngazi, paka alishampata samaki.

Wakabaki watatu, na walaji saba.

Oveni yetu ni ya umeme, na kwa muda mrefu imekuwa kabati la masufuria. Baba watoto akayatoa yote, akaifuta, akaiwasha, akasimama pembeni yake na uso wa furaha, maana chakula hiki kilikuwa chake. Samaki wakaingia wamelazwa juu ya vipande vya nyanya na vitunguu. Harufu ya limau ndiyo kwanza inaanza kutoka, umeme ukakatika mtaa mzima. Tukangoja. Jua likaanza kuzama upande wa pili wa ziwa, oveni ikapoa, na samaki wako nusu wabichi. Binti akakaa kwenye kigoda, machozi yakimlengalenga. Mtu anayejifunza kazi huumia sana kazi hiyo inapomvunjikia mbele ya watu wake, na hakuna aliyemcheka.

"Washeni jiko la mkaa," mama akasema. "Nileteeni sufuria pana na mfuniko wa bati."

Akawapanga samaki kwenye sufuria na nyanya zao chini yao ili wasigande. Akabakiza makaa machache chini ya sufuria, na mengine yote akayachota kwa koleo, akayatandaza juu ya mfuniko. Huko ndiko kupalia. Moto wa chini ukiwa mkali, chakula kinaungua kabla hakijaiva. Moto wa juu ndio unaooka. Kabla oveni hazijaingia majumbani, mikate ya sikukuu ilitoka hivyo hivyo, na hadi leo wapo wanaopalia mkate wa kumimina. Binti aliyafuta macho, akasogea, akaanza kuuliza: makaa kiasi gani, muda gani, unajuaje bila kufunua? Unajua kwa harufu na kwa sauti, mama akamwambia. Nyanya zikianza kunong'ona badala ya kutokota, ipua. Siku za baadaye binti alinionyesha kwamba watu wa pwani ya Kroatia, ambao ni wa bahari ile ile ya Mediterania, wana mfuniko wa chuma uitwao peka, nao huurundikia makaa ya moto juu wakioka samaki na pweza. Alinionyesha kwa fahari kubwa, akaenda kumwonyesha na bibi yake.

Saa moja na nusu usiku umeme ukarudi, taa zote zikawaka kwa pamoja, na mlango wa uani ulikuwa wazi. Mwezi ulikuwa mchanga. Anayeishi kando ya Ziwa Victoria anajua hilo maana yake nini: vidudu vya ziwani vikaingia kwa wingu, vikajaa kwenye taa, kwenye kuta, kwenye vikombe, kwenye nywele za watoto. Haviumi, na vikiwa bado majini dagaa huvila na kunenepa. Lakini chakula kilicho wazi kikivamiwa navyo, hakiliki tena. "Zima! Zima zote!" baba watoto akaita, akakimbilia kutundika tochi mbali kule uani ili ivivute. Bakuli la kachumbari likapotea, tukalimwaga. Sufuria ilikuwa na mfuniko, na juu ya mfuniko kulikuwa na moto. Hakuna kidudu kilichosogea.

Tulikula kwa mwanga wa mshumaa mmoja. Binti aliinyunyizia sufuria mafuta ya zeituni mwishoni, na nyama ya sato ikaachana na mfupa kwa kuguswa tu. Chini, nyanya, limau na maji ya samaki mwenyewe vilikuwa vimeshikana vikawa kitu kizito cha rangi ya chungwa. Mama akamega tonge, akachovya, akala, akachovya tena.

"Mlisema hana mchuzi," akasema, akamsogezea mwanawe kipande cha shavu, kilicho kitamu kuliko vyote.

Binti akasema hivi ndivyo wanavyokula Ugiriki na Hispania. Baba yake akamjibu kwamba huko samaki wetu wametangulia zamani. Ni kweli tupu. Tangu viwanda vya minofu vishamiri Mwanza katika miaka ya 1990, sangara wa ziwa hili amekuwa akipanda ndege kwenda Ulaya, Hispania na Ugiriki zikiwemo, na akina mama huko wanamwoka kwa limau na zeituni. Huku nyuma walibaki watu walionunua mapanki, kichwa na mifupa iliyokwanguliwa nyama, wakayakaanga na kulisha watoto. Siwalaumu walionunua, nawaheshimu, walipika kilichofikika. Ila sikubali kwamba mnofu ni wa mbali na mfupa ndio wetu. Chakula tulichokula usiku ule hakikudai kitu kigeni zaidi ya kichupa cha mafuta, na hata hapo alizeti ingefaa.

Presha ya baba watoto imeshuka, kwa dawa na kwa mlo pamoja, na sato wa kupalia ameingia katika mapishi yetu ya Jumamosi. Nanyi mnaoshuka Mwaloni, Igombe na mialo mingine ya ziwa hili, nawaomba mtandaze kiganja kabla ya kutoa pesa. Sato asiyezidi shubiri yako msimnunue, hata akiuzwa bure.