Ndoo ya Bahari

Mwenyekiti wa jumuiya alimeza tonge la kwanza, akatulia, akatazama dari. Akaomba maji ya kunywa. Akapiga funda moja kubwa, na hapo ndipo nilipojua kwamba hata jagi lilikuwa limejazwa kutoka ndoo ya samaki.

Hiyo ni Jumamosi. Leo asubuhi nimepita sokoni, mtu nyuma yangu akamuuliza mwenzake kwa sauti kama chumvi imeshuka bei.

Shangazi simlaumu. Alifika kutoka Katesh akakuta wali wa wageni kumi na wanane wa jumuiya haujabandikwa, na jikoni kuna ndoo ya lita 20 iliyofunikwa kwa sahani, maji maangavu kama ya chemchemi. Angejuaje kwamba nimekoroga humo gramu 700 za chumvi ya bahari ya pakiti, kwa ajili ya tangi langu la samaki wa baharini? Gramu 35 kwa kila lita, maana bahari yenyewe ndivyo ilivyo. Akaosha mchele wa Magugu, akabandika, na kwa kuwa ni mpishi wa kweli akatia na kijiko chake cha chumvi. Hakuonja: alikuwa amefunga. Maji ya kunywa akayachemsha dakika ishirini, kwa usalama wetu.

Kuchemsha ndiko kulikotumaliza. Maji yakigeuka mvuke huondoka peke yake, chumvi inabaki sufuriani na yale maji yaliyosalia. Ndiyo sababu tangi likipungua kwa joto huongezwa maji yasiyo na chumvi. Mimi miezi miwili ya mwanzo nilikuwa naongeza ya chumvi, na kamba wangu wawili walilipa karo ya somo hilo. Tena pakiti ile si chumvi tupu. Ina kalisi, ina magnesi, na magnesi ikikutana na salfeti ni dawa ya zamani ya kulainisha tumbo. Tangazo la michango lilikosa wasikilizaji. Foleni ilikuwa uani.

Ila hebu nieleze, maana hakuna aliyeniruhusu kueleza. Samaki akila, hutoa amonia, harufu ile ile inayokuchoma pua ukiingia banda la kuku. Baharini inapotea, ndani ya lita 100 inaua. Sasa kwenye vitundu vya mawe ya tangini huhamia bakteria wanaoila na kuigeuza nitriti, sumu nyingine. Wanakuja bakteria wa pili, wanaila nitriti na kuacha nitrati, ambayo ni pole zaidi. Wanachukua wiki nne hadi sita kujipanga, bila mshahara, bila mwenyekiti! Nitrati hujilimbikiza, basi unamwaga maji kidogo na kutia mapya. Hiyo ndiyo kazi ya ndoo. Muuza samaki wa Dar aliniambia tangi dogo halina kazi.

Jirani alinishauri nichote Ziwa Manyara, chumvi ya bure. Chumvi ya Manyara ni magadi. Ingenifaa kwa maharage.

Usiku mmoja umeme ulipokatika nilipuliza hewa tangini kwa pampu ya baiskeli. Nilipomsimulia mke wangu kwamba kwa samaki wangu hawa wenye mistari myeupe jike akifa dume hugeuka jike, hakusema kitu, alinitazama tu.

Wanacheka, wacheke. Lakini katika watu kumi na wanane hakuna aliyeuliza kwa nini nyumba nzima ilikuwa na ndoo moja ya maji. Bomba lilikuwa na siku nne halijakohoa, wakati bili haijawahi kuchelewa hata siku moja. Ziwa Babati liko pale chini, viboko wanaoga watakavyo. Ndoo ya mwisho niliyokinga niliipa bahari, hilo nakiri, ila zile nyingine sikuzikausha mimi.

Usiku wa kuamkia leo bomba lilikohoa. Shangazi aliniwahi kuamka, akajaza ndoo zote, kisha akapita akichovya kidole katika kila moja na kulamba.