Silaha Inayomrudia Mwenyewe

Jumapili nimekwenda dukani na nundu kwenye paji la uso. Mangi akaniuliza nimekabwa wapi. Nikamwambia nimejigonga mlangoni. Uongo, lakini mlango una heshima kidogo.

Nimejipiga mwenyewe, kwa nanchaku. Vijiti viwili vilivyoungwa kwa mnyororo mfupi, asili yake Okinawa. Utotoni tulimwona Bruce Lee kwenye kibanda cha video, ile filamu ya 1973, Enter the Dragon, akivizungusha kwapani na mabegani kama anajipepea. Mafagio ya mtaa mzima yakakosa mipini. Sasa nina miaka 46, nimejiunga na darasa la Jumamosi nikidhani nusu ya kazi niliimaliza zamani.

Fimbo ndefu, ile bo ya karibu sentimita 182, haikunisumbua. Unaipeleka inakwenda, unaizuia inatulia. Nanchaku haina adabu hiyo. Kijiti kimoja nimekishika, cha pili hakinijui. Kikimkosa adui, na adui wangu ni hewa tu, kinarudi na kasi yake yote, na njia ya kurudi kinaikumbuka: kiwiko, kisogo, na pahala pengine nisipopataja, maana gazeti hili linasomwa na watoto. Mwalimu, kijana wa juzi, ananiambia, "Mzee, usikikimbie, kipokee." Jumamosi hiyo nilikipokea mara 11.

Wachina wana hesabu yao ya zamani: siku 100 kwa upanga mpana, 1,000 kwa mkuki, 10,000 kwa upanga ulionyooka wa makali mawili. Hizo 10,000 ni miaka 27 na ushee, yaani nitahitimu nikiwa na 73. Vya mnyororo hawakuvitia kwenye hesabu. Nadhani waliovijaribu hawakubaki na kichwa cha kuhesabia.

New York waliipiga marufuku nanchaku mwaka 1974, hata kuiweka nyumbani kwako, mpaka mahakama ya shirikisho ilipoitengua sheria hiyo 2018. Wakabishana wee kuhusu haki ya mtu kubeba silaha. Mimi sikuitwa. Ningekwenda na nundu yangu nikasimama upande wa serikali.

Wenzetu wa Lamu wana kirumbizi: fimbo kwa fimbo, zumari inalia, na ukichapwa unamjua aliyekuchapa. Mimi nimgombeze nani?

"Baba Zuhura, nani kakupiga tena?" anauliza mama watoto, barafu mkononi. Kabla sijajibu, Zuhura kapita ukumbini, mua mdomoni, nanchaku yangu inamzunguka shingoni bila yeye hata kuitazama.

"Baba, mbona rahisi?"

Nimemwamuru airudishe kabatini kabla hajavunja taa. Mama yake akacheka mpaka barafu ikamdondoka. Taa ilishavunjwa wiki iliyopita, na Zuhura alikuwa shule.